Mkutano wa Waandishi wa Programu: Ni wa Nani, na kwa Nia Gani?

Katika mwezi wa Novemba mwaka 2023, kuanzia tarehe 6 hata tarehe 11, kisiwa chetu cha Unguja kilipata ugeni ambao wengi katika sisi hatukuujua mpaka ulipokwisha kuondoka. Walikusanyika katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) watu kutoka Tanzania, kutoka nchi nyingine za Afrika na kutoka ng'ambo, ambao kazi yao ni moja: kuandika programu za kompyuta kwa chombo kiitwacho Django. Mkutano huo uliitwa DjangoCon Africa, na ulikuwa wa kwanza wa jina hilo katika bara letu zima. Siku tatu zilikuwa za mihadhara, siku mbili za kufanya kazi kwa mikono, na siku moja ya wageni kutembezwa kisiwani. Wa pili ulifanyika Arusha katika mwezi wa Agosti mwaka 2025.

Huenda msomaji wetu akashangaa: gazeti la dini lina shughuli gani na kompyuta? Kama swali ni kuwa elimu hiyo yamfaa Muislamu au haimfai, hilo hatutalitia maneno mengi. Mwenye kutilia shaka na aitazame simu iliyomo mkononi mwake, ambayo ndani yake ameuweka Msahafu na nyakati za sala. Aliyeviingiza humo ni mwandishi wa programu. Swali lililotushughulisha sisi ni jingine, nalo lawahusu wazee na vijana sawasawa. Watu wakikusanyika kutoka nchi mbalimbali na dini mbalimbali, bila ya mshahara na bila ya bwana wa kuwaamrisha, ni kitu gani kinachowafunga pamoja? Na wakishatawanyika, kinabaki nini katika mji waliokutania?

Kwanza tuieleze kazi yenyewe, kwani wako wanaodhani kuwa kuandika programu ni uganga, na wako wanaodhani kuwa ni mchezo wa watoto. Programu ni maagizo yaliyopangwa hatua baada ya hatua, kiasi cha kuwa mashine isiyo na akili yake yenyewe iweze kuyafuata. Sisi tunaosomesha mirathi twayajua maagizo ya namna hiyo tangu kabla kompyuta hazijazaliwa. Mtu akifa akaacha mke, twauliza: ameacha mtoto au hakuacha? Kama ameacha, mke apate thumni. Kama hakuacha, apate robo. Kisha twawaangalia wazazi, kisha watoto, wa kiume kwa mafungu mawili na wa kike kwa fungu moja, mpaka kila mwenye haki ameipata haki yake. Mwanafunzi anayeweza kuyapanga hayo bila ya kuruka hatua ameshasimama mlangoni mwa elimu hii. Wala si ajabu. Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9 ya Miladi, ndiye ambaye jina lake liligeuzwa katika ndimi za Wazungu likawa "algoriti", yaani utaratibu wa hatua za hesabu. Naye katika dibaji ya kitabu chake cha aljebra alieleza kwa nini amekiandika: kuwarahisishia watu hesabu wanazozihitaji kila siku katika mirathi, wasia, biashara na kupima ardhi. Tunaomba msomaji alishike neno hilo, maana tutalirudia. Bwana huyo hakuanza kufundisha hesabu ila baada ya kusema hesabu hiyo ni ya kumfaa nani.

Lugha za kuandikia programu ni nyingi. Mojawapo ni Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. (Jina hilo halikutokana na chatu, kama wadhanivyo wengi, alilitoa katika kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza.) Na Django, ambayo hutamkwa "Jango", ni chombo kilichoandikwa kwa Python kwa ajili ya kutengenezea tovuti. Kilizaliwa katika ofisi ya gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, huko Marekani, na mwaka 2005 wenyewe wakakitoa kwa watu wote bure. Akitakaye akichukue, akitumie, akifungue aone kilivyofanywa, akitengeneze palipoharibika, na akipenda awarudishie wenziwe alichokiongeza. Hii ndiyo iitwayo programu huria. Hatusemi kuwa ni wakfu kwa hukumu ya sharia, kwani wakfu una nguzo na masharti yake. Lakini mtu aliyezoea kuona kisima kilichochimbwa na marehemu mmoja kikinywewa na kijiji kizima miaka hamsini baadaye, hatapata taabu kuifahamu tabia ya watu hawa.

Na kama kisima kinavyotaka watu wa kukisafisha, programu hizi nazo zinataka watu wa kuzitunza, na watu hao hukutana. Waandishi wa Python walifanya mkutano wao mkubwa wa kwanza uitwao PyCon mjini Washington mwaka 2003. Wa Django walikutana California mwaka 2008, na mwaka uliofuata wakakutana Prague kwa ajili ya Ulaya. Katika bara letu ulifanyika mkutano wa Windhoek, Namibia, mwaka 2015, kisha ukaja mkutano wa Afrika nzima mjini Accra, Ghana, katika mwezi wa Agosti mwaka 2019. Karibu mikutano yote hii huandaliwa na watu wanaojitolea. Mchana wako kazini kwao au darasani, na usiku ndio wanaandika barua za kuombea visa, wanatafuta ukumbi, wanahesabu sahani na wanajibizana na wenye hoteli.

Kazi hiyo anaijua kila aliyepata kusimamia maulidi. Katika vijiji vyetu vya kaskazini, maulidi makubwa hayana mwajiriwa hata mmoja. Yuko wa kukopa majamvi, wa kutafuta kuni, wa kupeleka mialiko, wa kuwapokea wageni kutoka Tumbatu wanaposhuka kwenye vyombo, na hapana anayeuliza malipo. Lakini waandaaji wa maulidi wana neema moja ambayo waandaaji wa mkutano wa programu hawana. Hapana haja ya kumweleza mtu yeyote kwa nini amekuja. Nia ilikwisha wekwa na wazee wetu kabla hatujazaliwa, na hata mtoto anayekuja kwa ajili ya haluwa anajua kuwa haluwa siyo iliyowakusanya watu. (Hata hivyo magomvi ya biriani hayakosekani, basi itakuwaje pale ambapo nia yenyewe haijatajwa?)

Mkutano wa programu ni jambo jipya, na kila anayeingia kamatini huingia na nia yake moyoni. Mmoja ataka mkutano uendeleze chombo chenyewe, yaani mafundi waliobobea wakae pamoja watatue matatizo makubwa. Wa pili ataka vijana wapate kazi, kwa hiyo macho yake yako kwa wenye makampuni. Wa tatu ataka nchi ijulikane, wageni waione bahari yetu na Mji Mkongwe wetu, na picha zitoke nzuri. Wa nne anawafikiria wale ambao hawajapata kuugusa ubao wa herufi wa kompyuta. Na mfadhili aliyeko mbali ana nia yake pia, ameiandika katika karatasi zake. Hapana ubaya katika nia yoyote ya hizi. Ubaya huanza zinapokuwa zote zimekaa kimya katika chumba kimoja, kila mtu akidhani ya kwake ndiyo ya wote.

Maana siku ya dhiki haina budi kufika. Tuseme ukumbi una viti mia mbili, na walioomba ni mia tatu: nani aambiwe hapana? Tuseme fedha zilizobaki zatosha ama kumleta mhadhiri mmoja maarufu kutoka ng'ambo, ama kuwalipia nauli na malazi vijana ishirini wa Pemba na wa mashamba ya Unguja. Kamati iliyoafikiana mapema juu ya nia yake hujibu kwa dakika tano. Kamati isiyoafikiana hugombana kwa mwezi, na aghalabu anayeshinda ni yule mwenye sauti kubwa au mwenye mkoba, kisha wanaojitolea, ambao hapana mkataba unaowazuia, huondoka mmoja mmoja kimya kimya. Mtu anayefanya kazi bure hulipwa kwa kitu kimoja tu, nacho ni kuiona kazi yake inakwenda alikokusudia.

Mkutano wa Unguja wenyewe ulilipitia jambo la namna hiyo. Taasisi ya Python yenye makao yake Marekani, iliyoundwa mwaka 2001, huwa inatoa ruzuku kwa mikutano duniani. Ombi la ruzuku kwa ajili ya DjangoCon Africa lilichelewa kukatiwa shauri, kwa kuwa yalizuka maswali juu ya sheria za nchi yetu na usalama wa baadhi ya wageni. Fedha mwishowe ziliidhinishwa, lakini nyoyo zilikuwa zimekwaruzika, na katika mwezi wa Desemba mwaka huo huo viongozi wa jumuiya za Python kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliiandikia Taasisi barua ya wazi, wakilalamikia namna maombi yao yanavyoshughulikiwa. Taasisi ikajibu, na mazungumzo ya kutengeneza utaratibu yakafuata.

Sisi hatukuwamo katika mambo hayo, wala hatutaki kuwa makadhi wa watu wasiotushitakia. Twasema hili tu. Usalama wa mgeni ni amana juu ya mwenyeji, na hilo kwetu ni dini kabla ya kuwa ustaarabu. Na heshima kwa mila na sheria za mwenyeji ni amana juu ya mgeni. Mambo mawili haya yakiwekwa mezani mapema, kabla ya ukumbi kukodiwa na tiketi za ndege kukatwa, hapana atakayejihisi amedharauliwa. Yakingojewa mpaka bajeti inasubiri, kila swali husikika kama tusi.

Na katika hili sisi Waislamu tuna mfano ulio bora, ambao vijana wetu huusoma katika sira na kuupita haraka. Alikuja Makka mtu wa Zabid, kutoka Yemen, na bidhaa yake. Akainunua Al-Asi bin Wail, mkubwa miongoni mwa Makureishi, kisha akamnyima thamani yake. Mtu yule mgeni, asiye na ukoo wa kumtetea, akapanda jabali la Abu Qubays, akapaza sauti kuwalilia watu waliokuwa wamekaa kando ya Al-Kaaba. Zubeir bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume (S.A.W.), akasimama, na baadhi ya koo zikakusanyika katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakala chakula chake na wakaapa. Kiapo chao kilikuwa kifupi: kuwa mkono mmoja pamoja na aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arejeshewe haki yake. Kisha wakaondoka hapo hapo, wakaenda kwa Al-Asi, wakaitoa mali ya Mzabidi mikononi mwake. Mapatano hayo ndiyo yaitwayo Hilful-Fudhul. Mtume (S.A.W.) alihudhuria akiwa kijana wa kiasi cha miaka 20, na baada ya kupewa utume aliendelea kuyataja kwa kuyasifu, akasema kuwa lau angaliitwa kwa mfano wake katika Uislamu angaliitika.

Tuyatazame mapatano haya kwa jicho la mtu anayeandaa mkutano. Waliokutana hawakuwa wa ukoo mmoja, na baadhi yao kwa siku nyingine walikuwa wakishindana kwa utukufu. Hawakulipwa. Walijitaja kuwa wanamtumikia nani: aliyedhulumiwa. Walifunga mlango wa hila kwa kusema mwenyeji au mgeni, ili mtu asije akasema huyu si wetu. Na waliweka mpaka ambao kwa huo watajua kama wamefanikiwa au hawakufanikiwa: haki imerejeshwa au bado. Basi wale wazee wetu wanaoogopa kuwaachia vijana wakae meza moja na wasiokuwa Waislamu katika jambo la manufaa, na wakumbuke ni nani waliokuwamo katika nyumba ile ya Ibn Jud'an.

Uko na mfano wa upande wa pili. Katika mwezi wa Juni mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, wa wajumbe wa serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Nia yake ilikuwa wazi kabisa: kuchagua Kiswahili kimoja cha kutumiwa katika vitabu na skuli. Wakakichagua Kiunguja, na mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi. Nia iliyo wazi ilizaa matunda, hata maneno haya yanasomeka Bujumbura na Lubumbashi. Walakini walioiweka nia hiyo hawakuwa ndio wenye lugha. Mvuvi wa Mkokotoni ambaye lahaja ya kisiwa chake ilichukuliwa kuwa kipimo hakuulizwa kitu. Wakati mwingine twasikia watu wakisema kuwa bora mkutano uwe na nia yoyote, mradi iwe wazi. Haitoshi. Yapasa pia iwe imetoka katika shauri la wale itakaowashukia, na si bure kwamba katika Qurani iko sura nzima iliyopewa jina la Shura.

Kwa nini twalitilia mkazo? Kwa sababu historia ya pwani yetu ni ya watu wanaopokea mapema na kutengeneza kwa kuchelewa. Hapa kwetu Mkokotoni wachimbaji wa mambo ya kale wameokota shanga za kioo kwa wingi, alama ya biashara ya bahari ya karne nyingi zilizopita. Waya wa simu ya maandishi wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879. Televisheni ya rangi tuliiona mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Kisha ukaja mkongo wa mawasiliano uliotua pwani ya Dar es Salaam mwaka 2009, na leo kijana aliyekaa dikoni akingoja madau ya samaki anatazama simu yake kama kijana wa London. Kila kimoja kati ya hivi tulikipokea kwa mikono miwili, tukakitumia, tukakilipia. Kutengeneza ni mlango mwingine, na programu huria ni katika nafasi chache ambazo mlango huo haukufungwa kwa ukosefu wa kiwanda wala wa mtaji mkubwa. Atakayeingia anataka kompyuta moja, umeme, mwalimu na subira.

Kwa hiyo tungeulizwa, sisi tungependekeza nia ya mikutano hii ielezwe kwa maneno kama haya: tunakutana ili kijana wa Afrika Mashariki aliyekuja akiwa mtumiaji aondoke akiwa ameanza kutengeneza, na alichokipata akifikishe kwao kwa lugha yao. Wakubwa wa fani wataona kuwa ni jambo dogo. Lakini na waipime kwa mambo yale yanayogombaniwa, waone kama haijibu.

Iko lugha. Mihadhara ikiwa yote ni kwa Kiingereza, kijana wa shamba aliyesoma skuli zetu atasikia nusu, na nusu atapiga makofi. Nia iliyotaja "lugha yao" inailazimisha kamati iweke walau sehemu ya mafunzo kwa Kiswahili. Wala tusiambiwe kuwa Kiswahili hakiwezi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na msamiati ukapatikana. Leo wanaoikumbuka ni wachache, na kwa maoni yetu ni kwa sababu kazi hiyo haikupata watu wa kuipokea mkono kwa mkono, kizazi hata kizazi. Mkutano wa kila baada ya miaka miwili ungaliweza kuwa ndio mahali pa kupokezana.

Yako mambo ya mabinti, na hapa tutasimama kidogo, kwa kuwa ndipo nyumba nyingi zinapoguswa. Mwaka 2014 wanawake wawili wa Poland walianzisha mjini Berlin mafunzo yaitwayo Django Girls, ya siku moja au mbili, bila ya malipo, kwa wanawake wasiojua chochote katika kuandika programu. Na mafunzo hayo yamekwisha enea nchi nyingi, za Afrika zikiwamo. Barua ya mwaliko wa namna hiyo ikifika katika nyumba ya Mkokotoni au Nungwi au Matemwe, aghalabu husema mengi juu ya Django na machache juu ya binti. Mzazi haulizi Django ni nini. Anauliza ni nani mwenye dhamana, kuna mwalimu mwanamke au hakuna, atasali wapi, na gari la kumrudisha litatoka mjini saa ngapi, kwani kutoka mjini hata huku ni zaidi ya kilomita 30 na magharibi haimngoji mtu. Tumewasikia waandaaji wakilalamika kuwa wazee wa shamba ni wagumu. Si ugumu, ni maswali yasiyojibiwa. Kamati iliyosema wazi kuwa kazi yake ni kumtoa kijana kwao na kumrudisha kwao na kitu mkononi, itaona kuwa gari la jioni ni sehemu ya mkutano kama ulivyo ukumbi.

Na wazee nao wana deni. Wako wanaomnunulia mtoto wa kiume simu ya bei kubwa ya kuchezea, na dada yake aliye hodari wa hesabu kuliko yeye akiomba ruhusa ya siku mbili za mafunzo huambiwa jikoni hapana mtu. Kama mirathi yenyewe imempa binti fungu lake lisilopokonyeka, vipi katika elimu anyimwe hata siku mbili?

Nyakati za sala si jambo la kuomba kama hisani. Mkutano wa mwaka 2023 ulikuwa na Ijumaa ndani yake, tarehe 10 Novemba. Mwenye kuandaa mkutano Unguja na apange ratiba kwa kuijua adhuhuri na Ijumaa, kama anavyopanga kwa kujua saa za chakula. Na hili ni jepesi kuliko yote, basi tusirefushe.

Kuhusu fedha, mkutano unaotaka mtumiaji awe mtengenezaji utatoza mwenye kazi nzuri bei kamili, na utamwachia mwanafunzi kwa kidogo au bure, wala hautaona haya kumwambia mfadhili: hii ndiyo nia yetu, ukiipenda tusaidie, na usipoipenda tutakutana katika jengo dogo zaidi. Wanaovuta jahazi kulipandisha pwani hawawezi kuvuta kwa sauti mbili. Ukizuka wa pili akatoa sauti yake, hata akiwa amevaa saa ya dhahabu, chombo hulala ubavu.

Twajua kuwa yako mambo ambayo maneno tuliyoyapendekeza hayakuyagusa. Mafundi wakubwa wa bara hili nao wanahitaji mahali pa kukaa wenyewe kwa wenyewe, na mkutano wa wanaoanza tu utawachosha. Pengine siku za kazi za mikono ziwe zao, na siku za mihadhara ziwe za wote. Pengine mkutano wa Afrika nzima uachiwe mafundi, na Tanzania iwe na wake wa vijana. Hayo na yashauriwe na wenyewe, lakini yashauriwe kabla, na yaandikwe mahali ambapo anayejiunga leo usiku atayasoma kabla ya kupewa kazi ya kuhesabu sahani.

Na ikiwa mkutano wa Django, au wa Python, au wowote wa jamii hiyo utarudi tena Unguja, twawaomba waandaaji siku moja kati ya siku zile waitoe mjini, waje nayo huku kaskazini. Chuo chetu kina chumba kimoja kinachotosha watoto arobaini wakikaa kwa kubanana, mikeka ipo, na umeme upo isipokuwa siku unapokatika. Meza tutaazima skuli. Chakula kitapikwa na akina mama, samaki tunao. Watakachotakiwa kuja nacho ni kompyuta, kwani hizo hatuna, na mwalimu mmoja au wawili wanaoweza kueleza kwa Kiswahili. Somo la kwanza, kama watatukubalia, liwe ni la mirathi, kwa sababu wanafunzi wa darasa la juu wataweza kuona wenyewe pale mashine itakapokosea.